Shahidi wa Jumapili

1

Taa ya kisanduku iligeuka kuwa ya njano saa nne asubuhi, kama kila Jumapili. Mama alikuwa anamenya ndizi.

"Unaitwa, shahidi," alisema bila kuinua macho.

Nilikausha mikono kwenye kanga nikaenda mezani. Kisanduku kilikuwa kidogo, cheupe, ukubwa wa redio ya betri. Peke yake hakikuwa na kazi. Kazi ilifanywa na bangili mbili nene alizovaa mama mikononi na mikanda miwili iliyombana magotini, ambayo ndani yake mlizungushwa waya mwembamba maelfu ya mara. Kisanduku kiliziamuru koili hizo zipige wakati gani na kwa nguvu kiasi gani. Ukisogeza sikio karibu na bangili ungesikia mlio mdogo sana, kama wa mdudu aliyefungiwa kwenye kiberiti.

"Shahidi," kisanduku kikasema kwa sauti yake ya kike, "je, anahisi?"

Chini yake kulikuwa na mtoto wa meza. Ndani kulikuwa na kitambaa cheusi cha kumfunga mgonjwa macho na sindano fupi yenye mpini mwekundu. Tulifundishwa wote ukumbini siku visanduku vya kutuliza maumivu vilipogawiwa. Mfunge macho. Mchome kwenye kidole, kwenye kifundo cha mkono, kwenye goti, kwenye unyayo, mwisho ubavuni mwa tumbo. Kila mara ataje ni wapi. Akipatia vyote, bonyeza kidole gumba kwenye kijani. Akikosea hata kimoja, bonyeza nyekundu.

Kitambaa chetu kilikuwa bado kimekunjwa kama kilivyotoka kiwandani.

"Unasikia, mama?"

"Nasikia."

Nikabonyeza kijani.

"Asante, shahidi. Hatua ya ishirini na tatu."

Siku ile ukumbini, fundi alipoinua sindano, bibi mmoja wa nyuma aliuliza, "Na mwanangu akinichoma nikamlaani, laana hiyo inakwenda kwake au kwenye kisanduku?" Ukumbi mzima ulicheka mpaka fundi naye akacheka. Hakuna aliyeuliza tena. Tulibeba visanduku vyetu tukaenda nyumbani.

Mama alichuma chai miaka thelathini na mmoja, kwenye ukungu na umande wa chini ya Mlima Rungwe, kabla hazijaja mashine zinazotembea zenyewe kwenye mistari. Baridi yabisi ilimwanza kwenye vidole vya kulia. Nilipoacha kazi Mbeya nikarudi kumtunza, vidole vyote kumi vilikuwa vimepinda na kuvimba mafundo kama tangawizi. Nilimvalisha, nilimwogesha, nilimlisha. Kumpitisha mkono kwenye mkono wa gauni kulichukua robo saa, na robo saa hiyo yote alikuwa anapiga kelele.

Na si yeye tu. Zamani alfajiri ya bonde letu ilikuwa na sauti yake: wazee wakiinuka vitandani, huyu anagumia, yule anamwita Mungu, yule anamtukana mbwa aliyempita miguuni. Tangu visanduku vije, alfajiri ilikuwa kimya. Ungefungua mlango ungewaona tu kwenye ukungu, wazee kwa wazee, wakitembea upesi upesi, wima.

2

Jumatatu alikuja Mzee Asajile, jirani yetu, aliyekuwa dereva wa lori la majani ya chai. Alikuwa rafiki wa marehemu baba, kwa hiyo yeye na mama waliitana shemeji, na hawakupita siku bila kutaniana.

"Hodi humu! Shemeji, hujafa tu?"

"Nife nikuachie nani wa kumlia ndizi zake? Ingia. Umesikia harufu ya chakula ukakumbuka ujirani."

"Nimekuja kumwona Sekela kama amepata mume. Nina hamu ya pilau."

"Nitakupikia pilau bila mume, baba," nikasema.

"Haitanoga." Akaketi. "Mnajua, waliponiambia lori langu sasa linajiendesha lenyewe, nilicheka. Leo hata mimi miguu yangu inajiendesha. Tangu asubuhi nimepanda mpaka chanzo cha maji mara tatu. Sina shida ya maji. Naipandisha tu miguu nione kama itakataa."

Mama alicheka. Mimi nilikuwa nimesikia harufu nyingine, si ya chakula. Nilidhani ni panya aliyefia darini, nikatazama juu. Kisha nikatazama chini. Sakafu yetu ni ya saruji, mama huisugua kwa rangi nyekundu mpaka ing'ae, na kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti cha mzee kulikuwa na alama za unyevu. Mguu mmoja tu, wa kushoto, hatua kwa hatua.

"Baba, naomba nione mguu wako."

"Una nini mguu wangu?"

Nilipiga magoti. Kandambili haikutoka. Nilipouinua mguu nikaona kwa nini. Msumari wa bati ulikuwa umepita kwenye kandambili ukaingia kwenye unyayo mpaka kichwa chake, na kandambili ilikuwa imeshonwa hapo. Nyama kuuzunguka ilikuwa nyeusi. Weusi ule ulipita kisigino ukapanda mpaka chini ya suruali, ambako sikuthubutu kufuata.

Mzee Asajile aliinama kuangalia, mikono magotini, kama dereva aliyeshuka kukagua tairi.

"Ala," alisema. "Huyu ameingia lini?" Kisha akamgeukia mama. "Pancha, shemeji."

Mama hakucheka.

Jumanne hospitalini walimkata mguu juu ya goti, lakini sumu ilikuwa imeshapanda. Alhamisi alifariki. Nesi aliyekuwa naye alisema alikufa akimsimulia habari za lori lililokwama mlimani mwaka wa mvua kubwa. Alikatiza katikati ya sentensi.

3

Jumamosi, siku ya pili ya matanga, nilimkuta Atuganile nyuma ya jiko akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Alikuwa mke wa mtoto wa marehemu. Mume wake yuko migodini Zambia, na nyumbani kwao walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na baba mkwe wake.

Kwetu, mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe. Hamtazami usoni, hamgusi, hapiti aliposimama. Nyumba nyingi zimeacha. Nyumba ya Mzee Asajile haikuacha. Kwa utani wake wote, hilo hakulitania. Lakini kanuni ya kisanduku ilisema shahidi lazima awe mtu anayeishi na mgonjwa, na hapakuwa na mwingine.

"Nilikuwa nasimama nje ya dirisha," Atuganile alisema. "Nauliza, baba, unasikia? Anajibu, nasikia mwanangu. Anakisukuma kisanduku kwa fimbo mpaka kizingitini. Nabonyeza, naondoka. Kila Jumapili. Tuliona tumepata njia nzuri."

"Ilikuwa njia nzuri."

"Usiniambie hivyo. Ningemshika mguu baba mkwe, dada Sekela? Ningemshika?"

"Hapana."

"Harufu niliisikia. Nikasema ni mambo ya wazee, mimi nani niseme." Aliweka kuni chini. "Wewe wa kwako ni mama yako wa kuzaa. Huna mwiko naye. Wewe ulikuwa unamchoma?"

Nilichukua sufuria la chai nikaenda kuwagawia watu.

Mchana akaja fundi Ipyana kuchukua kisanduku cha marehemu. Ndiye aliyetufundisha ukumbini. Alikaa nami kwenye benchi la nje, kisanduku kikiwa mapajani, akakiunganisha na kioo chake cha mkononi na kunionyesha mstari mrefu wa vidoti vya kijani.

"Kijani, kijani, kijani," alisema. "Bondeni kuna visanduku mia moja na arobaini. Kwa wiki ishirini na tatu hakuna shahidi hata mmoja aliyebonyeza nyekundu. Hata mmoja, Sekela."

"Wakubwa wenu hawakushangaa?"

"Walifurahi. Mwanzo kikomo kilikuwa hatua ya kumi na mbili. Walipoona watu wetu wanahisi kila kitu na bado maumivu yametulia, wakasema basi, bonde hili linaweza kwenda mbali zaidi. Wakapandisha kikomo mpaka thelathini, huku kwetu na kwingine kote."

Nilimwambia anieleze vizuri, maana ukumbini nilisikiliza kama wengine walivyosikiliza.

"Uga wa sumaku unapunguza kasi ya mishipa inayobeba maumivu," alisema. "Mwili unauzoea, kwa hiyo kila wiki inabidi uongezwe kidogo. Tatizo ni kwamba uga hauna macho. Haujui haya ni maumivu ya baridi yabisi na haya ni ya msumari. Ndiyo maana akawekwa mtu wa kuona. Mpaka hatua ya kumi na mbili unabaki kwenye viungo. Ukipita hapo unaanza kuingia ndani. Tumbo. Kifua. Kibofu. Hata njaa."

"Njaa?"

"Njaa nayo hubebwa na mishipa."

Nikakumbuka kwamba kwa miezi miwili mama hakuwahi kuniuliza chakula kiko wapi. Alikula nilipomwekea sahani mbele. Nisipoweka, alimenya ndizi.

"Mama yako yuko hatua ya ngapi?" aliniuliza.

"Ishirini na tatu. Na wa kwako?"

"Ishirini na tatu."

"Unamchoma?"

Alikifunga kisanduku kwenye mfuko, akafunga na mfuko wenyewe, akahangaika na zipu iliyokuwa imeshafungwa.

"Mimi ndiye niliyekuwa nafundisha," alisema. "Ninyi mlinicheka, nami nikacheka. Nikafika nyumbani, mama akaniuliza, utanichoma kweli wewe?"

Nilimuuliza kinachotokea mtu akibonyeza nyekundu.

"Kinashuka hatua tatu. Wiki inayofuata tena tatu, mpaka siku shahidi aseme anahisi. Na kikishashuka hakipandi tena. Kimefungwa hivyo ili watu wasicheze nacho."

"Na usipobonyeza chochote?"

"Siku mbili, kinazimika moja kwa moja. Maumivu yote kwa mara moja. Hilo usilifanye, Sekela. Mwili wa mtu mzima hauwezi."

4

Jumapili taa iligeuka njano. Nilitoa kitambaa kwenye mtoto wa meza. Kilikuwa na harufu ya plastiki mpya.

"Leo tunacheza kombolela?" mama aliuliza.

"Leo nataka kukuchoma, mama."

Aliweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye gauni na kuinamisha kichwa nimfunge.

"Haya. Nichome basi."

Niliketi sakafuni mbele yake. Fundi ukumbini alianzia kwenye kidole na kila mtu bondeni aliujua utaratibu ule kama sala. Mimi nilianzia kwenye unyayo. Nilichoma mpaka kikatoka kitone cha damu.

"Kidole," mama alisema.

Nilichoma goti.

"Kifundo cha mkono."

Nilichoma kidole, kile cha katikati, kilichokuwa kibaya kuliko vyote zamani.

"Goti. Hapo umenichoma vibaya, polepole."

Nilichoma kifundo cha mkono.

"Unyayo."

Mara ya tano sikuchoma kabisa. Nilishika sindano hewani na kumtazama uso wake uliofungwa, akiwa ameelekeza sikio kwangu, akitabasamu kidogo kama mtu anayekaribia kumaliza kazi vizuri.

"Tumbo," alisema. "Ubavu wa kushoto."

Alivua kitambaa mwenyewe. Aliniona nilivyokaa. Akatazama unyayo wake.

"Nimekosea mangapi?"

"Yote, mama."

"Hata moja sikupatia?"

"Hata moja."

Kisanduku kikauliza, "Shahidi, je, anahisi?" Huwa kinauliza kila baada ya dakika tano.

"Tangu lini husikii?" nikamuuliza.

"Tangu Pasaka. Labda kabla." Hakuonyesha aibu. "Ulikuwa unauliza, nami nakujibu. Hukuwahi kuuliza mara mbili."

"Asajile amekufa kwa msumari, mama. Msumari wa bati."

"Najua Asajile alivyokufa. Alikufa anapiga hadithi. Baba yako alikufa akilia siku tisa, ulikuwa Mbeya, hukumsikia. Mimi navijua vifo vyote viwili, Sekela, nami nimechagua." Alinyoosha mikono yake mbele yangu, akakunja vidole na kuvikunjua. "Unajua nilikuwa nafanya nini ulipokuwa ukienda kuchota maji? Nilikuwa nauma mto. Kelele ulizokuwa unazisikia zilikuwa zile nilizoshindwa kuzizuia. Nyingine nilikuwa nakungojea utoke."

Nilifuta ncha ya sindano kwenye kanga.

"Mwili ni wangu," alisema. "Kidole gumba tu ndicho chako. Nakiomba."

Nataka kuandika ukweli wa dakika zile. Nilifikiri kuhusu mama, lakini nilifikiri pia kuhusu mimi. Nilifikiri juu ya gauni na ile robo saa. Juu ya bafu, na namna alivyokuwa akinishika shingo huku akiniomba radhi. Kwa wiki ishirini na tatu nilikuwa nimelala usingizi na kuamka na kusuka nywele zangu. Kijani kilikuwa changu pia.

Na alikuwa na haki. Alijua kinachompata na bado alisema niache hivi, na ingekuwa kwetu wawili tu ningemwacha. Lakini kisanduku hakikuwa na mahali pa kusema hivyo. Kilikuwa na mahali pawili tu: anahisi, hahisi. Ili kumpa mama alichotaka nililazimika kusema kwamba anahisi, na neno hilo lisingebaki mezani kwetu. Lingekwenda kule walikopeleka maneno yetu yote, wahesabu, wafurahi, na kikomo kipande tena, kwa mama yake Ipyana, kwa watu wa mabonde ambayo sitayaona. Neno la kijani la Atuganile lilisaidia kumfikisha mama ishirini na tatu. Langu lilisaidia kumuua baba mkwe wake.

"Shahidi, je, anahisi?"

"Sekela," mama alisema. "Mwanangu."

Nikabonyeza nyekundu.

Mlio wa bangili ulipungua palepale. Tulikuwa hatujui kuwa tumeuzoea. Mama aliinuka, akachukua kisu chake, akaenda kumenyea ndizi nje, kwenye baridi.

5

Wiki ile hakusema nami. Alijibu salamu, basi.

Jumapili iliyofuata nilimchoma, akakosea manne, nikabonyeza nyekundu. Alianza kuyaweka maji ya kuoga chini kabla hayajafika bafuni. Kisu kikamwanguka mara mbili siku moja. Jumapili ya tatu alikosea mawili. Alisema, "Hicho ni kidole, nakijua," na kweli kilikuwa kidole, na machozi yalimtoka chini ya kitambaa. Nikabonyeza nyekundu. Hatua ya kumi na nne.

Kesho yake asubuhi alinyoosha mkono nimvalishe gauni. Alipiga kelele, nami nikaendelea, maana ukisimama katikati ni vibaya zaidi. Tulipomaliza aliniegemea.

"Pole, mama," nikasema.

"Si wewe," alisema. Hakunilaumu hata mara moja baada ya hapo. Afadhali angenilaumu.

Bondeni wengine walikuwa wameshaanza kubonyeza nyekundu. Ipyana alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, akiwachoma yeye mwenyewe pale ambapo watoto walishindwa, na kwa bibi mmoja walimfukuza kwa mwiko wa ugali. Alfajiri zilianza tena kuwa na sauti. Nilikuwa nalala nikizisikiliza na kuzitambua, huyu ni fulani, huyu ni fulani, na kwa kila mmoja nikamshukuru Mungu na kumwogopa.

Jumanne nilikuwa namlisha uji. Mama alisukuma kijiko kwa mdomo.

"Ngoja," alisema.

Alishika upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Alikuwa amekunja uso, lakini si kwa namna ninayoijua. Alionekana kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni uani.

"Mikono naijua," alisema. "Magoti nayajua. Hili silijui."

"Wapi?"

"Hapa. Hili halikuwepo." Aliuchukua mkono wangu kwa vidole vyake vibovu akaupeleka. Chini ya gauni kulikuwa na kitu kigumu, ukubwa wa yai la bata, na nilipokigusa alitoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa miaka yote ya baridi yabisi.

Tulifika hospitalini kabla ya saa sita. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, mpole, na alimwita mama "bibi" na kumshika bega akimlaza kwenye mashine ya picha. Alipomaliza alitukalisha mbele ya meza yake. Kioo cha picha kilikuwa kimegeukia kwake. Alichukua kalamu.

"Bibi, maumivu haya yalianza lini?"

Mama akanigeukia, akinisubiri mimi nijibu.

"Leo," nikasema. "Jumanne."

Daktari akaandika: Jumanne. Kisha akaitazama picha, akaitazama tena kwa karibu, na bila kuinua macho akalikata lile neno.